Keekee Iliyopakwa Vanishi

Mimi ni seremala, na kazi ya seremala ni kuunganisha. Nikiona vitu viwili vinachezacheza, mkono wangu unatafuta gundi kabla kichwa hakijauliza kama inafaa. Sisemi hivyo ili nijitetee. Nimekwisha kujitetea sana moyoni, na kesi hiyo nashindwa kila mara. Nasema ili ieleweke jinsi mtu mzima, mwenye mvi kwenye ndevu na karakana yake mwenyewe katikati ya Bukavu, alivyoweza kuharibu chombo cha baba yake bila kukiangusha wala kukipoteza, tena kwa ufundi.

Chombo chenyewe ni keekee. Ni kifaa cha zamani cha kutobolea mbao, kisichotaka umeme wala petroli, kinataka mikono miwili tu na subira. Baba aliirithi kwa baba yake kule Uvira, naye aliirithi kwa wake, aliyetoka pwani na watu wa biashara, akapita Ujiji, akavuka ziwa, akapata mke upande huu, na habari za kurudi zikaishia hapo. Baba alipohamia Bukavu alikuja na mama, kitanda cha kamba alichomtengenezea mama walipooana, na keekee iliyotoboa matundu ya kitanda hicho. Vingine vyote alivinunua huku.

Nilipokuwa na miaka ishirini na kitu nilinunua mashine yangu ya kwanza ya umeme ya kutobolea. Nilimwonyesha baba, nikatoboa ubao mbele yake kwa muda wa kupiga chafya, kisha nikamwambia keekee yake sasa ni ya kupeleka musée, ikakae na vitu vya makumbusho. Alicheka kidogo. Nilidhani amecheka kwa sababu nimesema kitu cha kuchekesha.

Miaka mingi ilipita. Mwaka juzi nilifungua chumba cha maonyesho mbele ya karakana, chenye kioo, ili wateja wakae kwenye viti kabla ya kuvinunua. Mteja mmoja, mama aliyekuwa anatafuta makabati ya hoteli yake, aliangalia kuta zangu tupu akasema siku hizi mahali pazuri panatundikwa vitu vya kale, watu wajue wewe si seremala wa jana. Neno hilo liliniingia. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, nilipanda mlima kwenda mtaa wa Bagira, kwa wazazi wangu.

Sikumwambia baba ukweli. Ningeweza, na pengine angekubali. Nilisingizia umeme na viti vya wateja: "Papa, courant inatusumbua sana. Uniazime keekee yako wiki moja, nimalize viti ya batu."

Tangu nianze kazi sikuwahi kumwomba kifaa hicho. Baba aliinuka haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu, akaingia ndani, na nikasikia anamwambia mama kwa sauti ya chini, lakini yenye furaha: "Anaomba keekee." Alirudi nayo imefungwa katika kipande cha kanga ya zamani. Hapo ningeweza bado kusema ukweli. Nilinyamaza kwa sababu furaha yake ilinitia haya, na badala ya haya kunifungua mdomo, ikanifunga.

Akaketi mkekani, akafungua kanga, akapanga sehemu nne mbele yangu.

"Hii chuma njo keekee yenyewe," alisema. "Chombo yote inaitwa keekee, lakini jina ni ya huyu, sababu ni yeye anatoboa. Hii muti ya mviringo njo musukano. Chuma inaingia humu chini. Hii njo uta. Kamba yake ya ngozi inazunguka musukano mara moja, si mbili. Ukivuta uta, musukano inazunguka. Ukisukuma, inarudi."

Kisha akachukua sehemu ya nne. Kilikuwa kigogo kidogo cha kukaa kiganjani, kimechimbwa chini, na ndani yake kimewekwa kipande cha kifuu cha nazi. Nje kilikuwa cheusi na laini kwa viganja vya watu watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Na hii njo jivu. Inakaa juu. Unaishika na mukono ya kushoto, unakandamiza, na musukano inazunguka ndani yake. Jivu haizunguke. Inatulia tu, wengine wafanye kazi. Uipe mafuta kila asubui. Ikikauka, inaungua."

Nilitikisa kichwa kama mwanafunzi mwenye adabu. Nilikuwa nafikiria msumari wa kuitundikia.

Mama akasema kutoka ndani: "Na kitanda yangu?" Alikuwa analala chini kwenye mkeka tangu mwanzo wa mvua. Mfumbati mmoja wa kitanda chake, yaani mti wa ubavuni unaopitisha kamba, ulikuwa umepasuka. Nilikuwa nimemletea godoro la sponji na kitanda kipya cha karakana yangu, akalala siku mbili, akasema godoro linammeza. Mgongo wake ulitaka kamba iliyokazwa.

"Sikia mama yako," baba alisema. "Ukimaliza viti, uirudishe mbio. Nilishapata mbao. Nataka nimutengenezee mwenyewe. Mukono ingali na nguvu kidogo. Mwaka kesho sijui."

Kwa hiyo nilijua. Sitaki mtu aniambie sikujua. Niliambiwa kwa sauti ya kawaida, nikiwa nimekaa, tumbo limejaa ugali wa mama yangu.

Siku ya pili keekee ilikuwa ukutani. Ikaanza kunisumbua. Jivu lilidondoka. Nikalirudisha, msukano ukateleza kwenye kamba ya uta. Nikaukaza, jivu likadondoka tena, safari hii karibu na mguu wa mteja. Kifaa hicho hakikutengenezwa kukaa pamoja. Kinakaa pamoja pale tu mtu anapokishika na kufanya kazi. Mimi, fundi mzima, sikuliona hilo. Niliona viungo vibovu. Nikachukua gundi, ile kali, nikaunganisha msukano ndani ya jivu, nikaibandika kamba kwenye msukano ili isiteleze, nikabandika na chuma. Halafu, kwa kuwa ilionekana chafu, nikaipiga msasa na kuipaka vanishi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ilipendeza sana. Nasema kweli, ilipendeza, nami niliiangalia kwa kujivuna kama vile nimeitengeneza mimi.

Baba alipiga simu wiki ilipoisha. "Viti iliisha?"

"Bado kidogo, papa."

Wateja walipenda. Nilijifunza kusimama chini yake mikono nyuma na kusimulia: pwani, Ujiji, ziwa, baba wa babu yangu. Wakiuliza inafanyaje kazi, nilikuwa navuta hewa kwa mikono, maana yenyewe haikuvutika tena. Siku moja ya mvua walikuja wageni wawili waliosifu sana, nami nikawaambia kwa sauti kubwa, nimewageukia wao na kuupa mlango mgongo: "Ni kitu ya bazee. Haitumikake tena. Ni ya uzuri tu."

Jioni ya siku hiyo mama alinipigia simu. Alisema baba alishuka mjini asubuhi bila kusema anakwenda wapi, amerudi na matope mpaka magotini, na hataki kula. "Kuko nini kule town?" aliniuliza. Nilimwambia labda ni mvua. Nilimwambia amchemshie chai ya tangawizi. Nilikuwa mwana mwenye mashauri mazuri.

Tangu hapo baba hakuniuliza tena habari za viti. Akipiga simu alikuwa anasema tu: "Mama yako angali analala chini." Na mimi naahidi kutokosa: "Kesho, papa, sans faute." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini mimi yangu nilikuwa nairefusha kila siku kwa kesho moja.

Wiki ya tano nikaishusha ukutani ili niirudishe. Nilidhani gundi itaachia kwa maji ya moto. Haikuachia. Nikajaribu mafuta ya taa, nikajaribu kuipasha moto taratibu, mwishowe nikatia ncha ya patasi kati ya msukano na jivu, nikagonga kidogo. Kilio chake kilikuwa kidogo pia. Kifuu kilipasuka kama yai, na kigogo kikapasuka nacho, vipande viwili. Bukavu hatuna minazi. Hata kama tungekuwa nayo, kiganja cha babu yangu singekipata sokoni.

Hapo mtu mwenye akili angepanda Bagira na kulia. Mimi nilipanda Bagira na mpango. Nilimwambia baba asijisumbue, mfumbati nitautengeneza mimi mwenyewe, kwa keekee yake, iwe zawadi kwa mama. Yeye apumzike, atawamba kamba tu.

Mkono wa baba wa kushoto ulikuwa juu ya goti, umekunjika kidogo, umeshika kitu kisichokuwepo. Kisha akasema, "Sawa." Akaniletea mbao aliyokuwa ameitunza chini ya kitanda kile kibovu, libuyu nyekundu iliyokauka vizuri, akanipa. Kazi pekee aliyoitaka kabla nguvu haijamwisha, nilimnyang'anya mikononi, na nikasema asante.

Niliwasha jenereta, nikatoboa matundu thelathini na mawili kwa mashine. Nilimaliza kabla chai haijapoa. Nyuma ya mbao, pale ncha ya mashine inapotokea, kila tundu lilichanika kidogo. Niliona. Nilipitisha msasa juu juu kwa kuwa upande huo unaangalia ndani na hauonekani.

Tulikiunganisha kitanda uani Jumapili, mama akitazama kutoka kwenye kiti. Baba aliuchukua mfumbati, akafunga jicho moja, akautazama kwa urefu wake. Kisha akatia kidole chake cha mwisho ndani ya tundu la kwanza, akakizungusha taratibu. Akatia ndani ya tundu la pili. Nilimwona anaanza la tatu, akaacha.

"Ni keekee ilitoboa hii?"

"Njo yenyewe, papa."

Mama alipiga kigelegele kifupi, kwa nguvu alizokuwa nazo. "Unaona? Mutoto yako amefanya kazi ya ba babu yake!" Alikuwa na furaha ya kweli, na furaha yake ndiyo inayoniuma zaidi ninapokumbuka, kwa sababu ilikuwa nzima, haikuwa na ufa hata mmoja, na mimi ndiye niliyeijenga juu ya uongo. Baba alimtazama mama. Halafu akanitazama mimi.

"Tuwambe," akasema.

Tukawamba. Yeye alivuta kamba, mimi nikashikilia kwa kigingi. Mama alilala juu ya kitanda chake usiku huo, na asubuhi alinipigia simu kunibariki.

Baraka hizo zilidumu miezi miwili. Kamba ya mkonge inacheza ndani ya tundu kila mtu anapojigeuza, na matundu yangu yalikuwa na meno kwa ndani. Yaliitafuna kidogo kidogo. Alfajiri moja mama aliinuka kwenda kutawadha, akaketi ukingoni kuvaa kandambili, na kamba sita zikakatika pamoja. Alianguka kwa nyonga. Haikuvunjika, Mungu ni mkubwa, lakini kwa majuma mawili alitembea kwa fimbo, na alama nyeusi ilimshuka mpaka karibu na goti. Nilipofika alikuwa mkekani tena, anacheka. "Kitanda imenikataa," alisema. "Imesema mimi muzito."

Mimi sikuweza kucheka. Nilikaa karibu naye nikamkanda mguu, nikamwambia pole, na pole yangu ilikuwa ya mgeni, ya mtu aliyesikia habari akaja. Wahenga wanasema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Aibu ya tundu anaijua aliyelitoboa, niliwaza, na yule aliyetia kidole.

Baba alikuwa nje. Hakuingia. Nilipopita kwenda zangu alisema bila kuinua kichwa: "Ijumaa ukuye na keekee. Matundu inakula kamba. Inapaswa ipitishwe tena, taratibu, huku na huku."

Nilikuwa na siku tatu. Nilizitumia hivi: nilizitoa sehemu zote kutoka kwenye droo, nikakwangua vanishi kwa kisu na msasa mpaka mti ukabaki mkavu. Lakini mti mkavu ulionekana mpya, kwa hiyo nikachanganya masizi na mafuta ya mawese, nikaupaka, nikaufuta, nikaupaka tena, mpaka ukapata weusi unaofanana na ule wa zamani. Gundi niliichokoa kwa sindano. Vipande viwili vya jivu nilivifunga pamoja kwa uzi. Nilifanya kazi hiyo kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutia katika matundu ya mama yangu. Nikatafuta ile kanga, nikafunga kila kitu ndani yake.

Ijumaa nilimkuta baba uani. Mfumbati ulikuwa umelala juu ya vigogo viwili mbele yake, kamba zilizokatika zimeondolewa. Mama alikuwa ameletewa kiti chake mlangoni. Nikaweka kanga juu ya mkeka. Baba akaifungua.

Alichukua chuma kwanza, akakigusa makali, akakiweka. Akachukua msukano, akauzungusha kati ya viganja. Akachukua uta, akavuta kamba yake kwa kidole gumba. Aliviweka kama alivyoviweka siku ile ya kwanza, kwa mpangilio uleule. Kisha akachukua jivu, na lilipokaa kiganjani mwake uzi ulilegea, vikawa vipande viwili.

"Ilianguka, papa," nilisema. "Juzi. Ilianguka kwenye simenti."

Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, mama yangu ana fimbo kwa ajili yangu, na bado nilikuwa na uongo mmoja uliobaki, nikautoa.

Baba aliviunganisha vipande kwa vidole, akavitenganisha, akavipeleka karibu na pua, akavinusa. Akaniuliza kwa sauti ya fundi anayemuuliza fundi mwenzake jambo la kazi:

"Vernis ulipaka mara ngapi?"

Sikuwa nimetaja vanishi. Hakukuwa na vanishi tena juu ya mti ule, nilikuwa nimehakikisha kwa siku tatu. Nilikumbuka siku ile ya mvua, matope mpaka magotini, sahani aliyoikataa. Alikuja mpaka mlangoni kwangu. Sijui alisimama pale kwa muda gani, na mpaka leo sijamuuliza kama alifika kabla sijamaliza kuwaambia wale wageni kwamba haitumiki tena, au baada.

Kwa hiyo alijua, kila nilipomwambia kesho. Alijua alipotia kidole ndani ya tundu. Aliponipa ile libuyu kutoka chini ya kitanda alijua, akangoja niseme, na miezi yote ile aliniachia mlango wazi.

"Mara tatu, papa."

Akatikisa kichwa polepole.

"Ilionekana," alisema. "Niliiona pale kwa ukuta wako. Ilikuwa inangaa." Aliviweka vipande viwili vya jivu juu ya kanga, kimoja karibu na kingine, bila kuviunganisha. "Ulipaka muzuri."

Hakuwa ananidhihaki. Baba yangu hajawahi kusifu kazi ya mtu kwa uongo.